Dai, Thibitisho na Hasara: Istilahi za Kuhesabu Ndege Zilizotunguliwa

Katika vitabu vya historia ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mfasiri hukutana na maelezo kwamba rubani fulani alipata "ushindi" kadha angani. Neno ushindi hapa hupotosha. Msomaji wetu hulielewa kuwa ni matokeo ya vita au ya shindano, kumbe kinachohesabiwa ni ndege moja moja ya adui. Tunapendekeza kitenzi kutungua, ambacho kila aliyewahi kutungua embe anakifahamu.

Tatizo kubwa zaidi limo katika hesabu yenyewe. Jeshi la Anga la Uingereza liligawa taarifa za marubani wake katika mafungu matatu: ndege zilizoangamizwa, ambazo yamkini ziliangamizwa, na zilizodhurika. Fungu la tatu tusiliite "zilizoharibiwa", maana haitajulikana kama ndege ilianguka au ilirudi kituoni na matundu. Aidha, marubani wawili walipoangusha ndege moja, Waingereza waliweza kumwandikia kila mmoja nusu. Wajerumani walimwandikia mmoja tu.

Tarehe 15 Septemba 1940 Uingereza ilitangaza kwamba ndege 185 za Ujerumani ziliangamizwa siku hiyo. Baada ya vita, kumbukumbu za Wajerumani zilionyesha kwamba zilizopotea ni kiasi cha 60. Tofauti hiyo si lazima itokane na uongo. Mapambano ya angani huchukua sekunde chache. Marubani wawili au watatu huweza kuipiga ndege ile ile bila ya kuonana, na kila mmoja akaidai kuwa yake. Nayo ndege iliyotumbukia mawinguni ikitoa moshi huenda ilifika kwao.

Kwa hiyo yafaa kutenga istilahi tatu. Dai ni taarifa ya rubani mwenyewe. Thibitisho ni uamuzi wa jeshi lake baada ya kuwahoji mashahidi na kuchunguza mabaki au picha. Hasara ni idadi iliyomo katika kumbukumbu za upande uliopoteza ndege. Mwalimu aandikaye ubaoni kwamba siku ile "zilitunguliwa ndege 185" amegeuza dai kuwa hasara, na wanafunzi watalishika kosa hilo kuwa historia. Yafaa aandike: "Uingereza ilidai kutungua ndege 185."

Tunawaomba wasomaji wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, na kutuletea maoni.