Mvua Inapolegeza Mlima

Mama mpendwa unayeishi mlimani, mvua kubwa ikinyesha usiku wengi wetu tunafanya jambo moja. Tunafunga mlango, tunawafunika watoto na kungoja kuche. Sisi wauguzi nasi tumefanya hivyo. Lakini penye mteremko, nyumba iliyofungwa vizuri yaweza kuwa mahali pa hatari kuliko pote.

Tarehe 1 Machi 2010, huko Bududa kwenye Mlima Elgon nchini Uganda, udongo uliporomoka ukafunika nyumba za Nametsi pamoja na kituo cha afya. Ndani ya kituo walikuwamo watu waliokuwa wamejikinga mvua. Habari hiyo inatuuma sana sisi tunaofanya kazi katika vituo vya namna ile. Tena tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, Tanzania, yakaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 80. Katesh iko chini ya mlima, kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba hatari ni ya wanaolima juu tu.

Mara nyingi dalili hutangulia, na anayeziona kwanza ni mama, maana ndiye anayefagia uwanja na kuteka maji. Tazama ufa mpya ardhini au ukutani, mlango unaoanza kukwama, mti au nguzo iliyoinama, chemchemi inayotokea pasipokuwa nayo. Kijito ndicho huwadanganya wengi. Mvua inanyesha, halafu maji yanapungua ghafla, na watu wanafurahi! Huenda tope limeziba huko juu na maji yanajikusanya. Yakipasua, yatashuka yote pamoja.

Ukiona hayo, ondokeni kabla ya giza. Msifuate bonde kuteremka. Kateni kwa upande mpaka mahali palipoinuka, mbali na njia ya maji. Mbuzi na magodoro yabaki.

Baba wa watoto anaweza kusema ni woga wa wanawake. Basi usingoje usiku wa mvua ndipo mbishane. Zungumzeni mchana, siku ya jua, mkubaliane mtalala kwa nani, nani atambeba mtoto mdogo na nani atamshika bibi mkono.

Mtu akiopolewa kwenye tope, kwanza ondoa tope linaloonekana mdomoni na puani. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa blanketi au khanga kavu. Baridi humaliza hata aliyetoka mzima. Jeraha lioshwe kwa maji safi mengi, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni dogo, kwa ajili ya sindano ya pepopunda. Na anayetaka kurudi kuchukua sufuria azuiwe, maana udongo huweza kuporomoka mara ya pili pale pale.