Bunduki ya babu ya mitutu miwili: ni ya wapi, na ina thamani gani?

Msikilizaji wetu mmoja wa Katindiuka alitupigia simu studio. Babu yake amefariki, na darini wamekuta bunduki kuukuu ya mitutu miwili, ile aliyokuwa akifukuzia nguruwe pori na viboko kwenye mpunga. Jirani kamwambia ni "ya Mjerumani" na ina mamilioni. Je, ni kweli?

Ndugu msikilizaji, uzee peke yake hauleti bei.

Inatambuliwaje?
Nyingi za aina hii zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, au Liège, Ubelgiji. Ya Liège ina herufi ELG ndani ya duara refu kama yai. Za Uingereza huwa na alama ya taji. Maneno NITRO PROOF maana yake ilipimwa kwa baruti ya kisasa. Namba 12 si milimita: vigololi 12 vya madini ya risasi vinavyoenea mtutu huo vina uzito wa ratili moja.

Tazama pia mtutu wenyewe. Ukiwa na michirizi kama ukili uliosukwa, ni wa chuma kilichosokotwa, uliotengenezwa enzi za baruti nyeusi. Risasi za leo zinaweza kuupasua mikononi mwako.

Thamani yake
Wanunuzi huangalia jina la fundi, mitutu isiyo na kutu, na kitako cha asili. Za mafundi wakubwa wa London, kama Purdey, huuzwa ghali sana. Za kawaida za Liège zilitengenezwa kwa wingi, hivyo nyingi hazina bei kubwa. Usisugue kutu kwa msasa, utafuta alama.

Kabla ya bei, sheria
Alama nyingi ziko chini ya mitutu na huonekana bunduki ikifunguliwa. Usiifungue mwenyewe, huenda ina risasi ndani. Kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu. Shamba la babu unarithi, leseni yake hurithi. Kuiuza kimyakimya ni kosa, hata kama ina kutu.

Kwa hiyo iacheni ilipo, watoto wasiifikie. Mwoneni mtendaji, toeni taarifa polisi, waje waichukue. Mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe. Habari ya bei ifuate baadaye.