UZI: Mbu wa Garissa, mbuzi wa Kiamaiko

1/ Mvua kubwa ikinyesha, mmoja anasema "fungeni masoko ya mifugo," mwingine anasema "mnatuua njaa." Stori ni homa ya Bonde la Ufa. Tuelewe kwanza, halafu tubishane.

2/ Ilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Virusi hukaa ndani ya mayai ya mbu, kwenye udongo mkavu, hata miaka. Mafuriko yakija, mayai yanaanguliwa. Mbuzi na kondoo wanatupa mimba. Nyati huambukizwa pia, huko porini.

3/ Mtu huipata kwa mbu, lakini sana kwa damu ya mnyama mgonjwa. Kwa hivyo wasee wa kuchinja ndio wako mbele. Nyama ikiiva vizuri haina shida.

4/ 2006–2007 ilianzia upande wa Garissa, ikaua watu zaidi ya 150 Kenya. 2007 ikaonekana visiwani Komoro, virusi vya ukoo uleule. Bahari haikuizuia.

5/ Kufunga soko kunasaidia, lakini mchuuzi wa Kiamaiko analala njaa, na mbuzi wanaanza kupitishwa usiku. Chanjo ni ya kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja kwa kundi zima inaweza kuusambaza.

6/ Kwa hivyo akija mtu kuomba kura hapa Eastlands, muulize mawili: chanjo itafika kabla ya mvua? Na soko likifungwa, nani atamlipa mchuuzi?