Metali Inayong'ang'ania Oksijeni

Dawa nyeupe ya upele, ile inayopakwa mwilini kuanzia shingoni kushuka, mara nyingi kiini chake ni benzili benzoeti. Kemikali hiyo hupatikana hata kwa kuunganisha molekuli mbili za benzaldehaidi, kimiminika chenye harufu ya lozi chungu. Hakuna atomu inayotupwa: aldehaidi moja huipa nyenzake hidrojeni, kisha zinashikana na kuwa esta.

Mjerumani Ludwig Claisen aliuona mmenyuko huu mwaka 1887. Mwaka 1906 Mrusi Vyacheslav Tishchenko alionyesha kwamba misombo ya alumini huuchochea vizuri, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Na thoriamu, metali yenye mionzi, je? Kwa miaka mingi wanakemia hawakuitarajia hapa. Kufikia 1981, kundi la mwanakemia Tobin Marks huko Marekani lilikuwa limeeleza msombo maarufu, wenye atomu ya thoriamu iliyobanwa kati ya pete mbili za kaboni na kubeba vikundi viwili vya methili. Uliwafaa sana katika kuchunguza hidrokaboni. Lakini thoriamu hushikamana na oksijeni kwa nguvu kubwa, na aldehaidi ina oksijeni. Kichocheo lazima kishike na kiachie. Kikinasa, kazi imekwisha. Hoja hiyo ilisikika vyema hata ikakubalika bila kujaribiwa vya kutosha.

Mwaka 2008 mwanakemia Moris Eisen na wenzake, katika chuo cha Technion mjini Haifa, waliijaribu. Msombo uleule ukageuza benzaldehaidi kuwa benzili benzoeti.

Siri iko katika hesabu ya vifungo. Ni kweli kwamba kuvunja kifungo cha thoriamu na oksijeni kunagharimu nishati nyingi. Lakini katika mzunguko huu, oksijeni moja inapoondoka na esta, nyingine kutoka aldehaidi mpya huwa tayari imekamata nafasi yake. Metali haibaki mikono mitupu hata mara moja, kwa hiyo gharama inalipwa palepale. Hatua ngumu ni kuhama kwa hidrojeni, ambayo huondoka na elektroni zake mbili.

Mionzi ya thoriamu ya asili ni hafifu. Nusu-uhai wake ni miaka bilioni 14. Kinachosumbua zaidi katika maabara ni hewa na unyevu, ambavyo huuharibu msombo, hivyo kazi hufanyika ndani ya sanduku lililojazwa gesi isiyomenyuka. Mwaka 2014 Eisen, akishirikiana na Matthias Tamm wa Braunschweig, Ujerumani, aliacha zile pete mbili na kutumia kishikizo chenye naitrojeni kwenye thoriamu na urani pia. Aldehaidi ziliendelea kuungana.