Fizi: Mshale wa joto la motere ukipanda na kushuka, anza na maji kabla ya kufungua kichwa

BIBOKOBOKO – Motere ya mashini ya kusaga inawaka vizuri asubuhi. Baada ya nusu saa, mshale wa joto unapanda karibu na alama nyekundu, unashuka wenyewe, kisha unapanda tena. Unga unaendelea kutoka, watu wako kwenye mstari na mihogo yao, na mwenye mashini anajiambia: si imeshashuka?

Hapo ndipo motere nyingi hufia. Kwa wakaaji wa Bibokoboko na vijiji vingine vya milimani juu ya muji wa Baraka, motere ikikufa hasara haiishii kwa mwenyewe. Kipande lazima kifuatwe Baraka au Uvira, na wakati huo wamama wanarudi kwenye kinu na mchi ili bugali ipatikane. Ukikosea kutambua ugonjwa, safari hiyo inafanywa mara mbili.

Jambo la kwanza la kujua: mshale ukianguka ghafla, si lazima motere iwe imepoa. Kipimo cha joto kinafanya kazi vizuri kikiwa ndani ya maji. Maji yakipunguka, kipimo kinabaki kwenye hewa au mvuke, na mshale unaweza kuonyesha baridi wakati chuma kinaungua. Mshale unaorukaruka mara nyingi unasema maji hayatoshi au hewa imefungiwa ndani.

Basi kagua kuanzia kwenye kisicho na gharama. Zima motere, ngoja ipoe hadi uweze kushika tuyo ya juu bila kuungua, ndipo ufungue kifuniko cha radiateri. Kukifungua ikiwa moto ni kujimwagia maji yanayochemka usoni. Maji yakiwa chini, jaza polepole, washa motere bila kazi, acha kifuniko wazi mpaka mapovu yaishe, kisha ongeza tena. Usimwage kamwe maji baridi ndani ya motere yenye moto mkali: kichwa kinaweza kupasuka.

Tafuta pia maji yanapopotelea: tuyo zilizochanika, pompe ya maji inayodondosha, kifuniko chenye mpira uliochoka. Kifuniko hicho si cha kuzuia vumbi tu, kinafunga mgandamizo. Huku milimani kina maana zaidi. Kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha karibu mita 770, maji yanachemka karibu digrii 97. Ukipanda hadi mita 2,000, yanachemka karibu digrii 93. Kifuniko kizuri kinaongeza zaidi ya digrii 15 juu ya hapo. Kikilegea, motere iliyokuwa salama Baraka inaweza kuchemka mlimani.

Hatua ya pili ni hewa. Unga wa mihogo unaganda kwenye mapezi ya radiateri kama vile majani yanavyoziba mashini za kukata nyasi. Dalili yake: joto linapanda kazi ikiwa nzito na kushuka ukipumzisha. Safisha kwa brashi laini na maji, ukisukuma uchafu urudi ulikotoka. Kisha bonyeza mkanda wa vantilatere. Ukiwa umelegea au unang'aa kwa kuteleza, kaza au badilisha.

Hatua ya tatu ni termostati, mlango mdogo unaozuia maji kwenda kwenye radiateri mpaka motere ipate joto. Mshale kushuka kidogo pale inapofunguka mara ya kwanza ni kawaida. Ikikwama, joto linapanda sana kabla ya kuanguka. Kuipima hakuhitaji mashini: itoe, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, pasha moto. Nyingi zinafunguka karibu digrii 80. Maji yakichemka nayo bado imefunga, imekufa.

Kuna mafundi wanaoitoa kabisa na kuendelea na kazi. Dawa hiyo ni ya deni. Motere inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mazutu zaidi na inachakaa mapema. Kwa aina fulani, maji yanazunguka bila kupita vizuri kwenye radiateri, na joto linazidi.

Mambo hayo yote yakiwa sawa, kagua waya wa kipimo na mahali unapofungwa kwenye chuma, maana kutu inaweza kuchezesha mshale. Mwisho kabisa ndipo ushuku jointi ya kichwa: mapovu yasiyokwisha kwenye radiateri, tuyo inayokuwa ngumu mara tu motere ikiwashwa, moshi mweupe, au oili yenye rangi ya maziwa. Ukiona hayo, simamisha kazi siku hiyo hiyo.

Kwa motere za silinda moja zenye tanki la maji lililo wazi, hesabu ni nyingine. Mvuke kutoka juu ni kawaida, ndiyo njia yake ya kupoa. Kazi ya mwenyewe ni kuongeza maji kidogo kidogo kabla hayajaisha.

Na maji yenyewe yana neno. Maji ya ziwa yana chumvichumvi nyingi zinazoacha ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika, na ukoko huo unazuia joto kutoka. Maji safi ya mvua ni bora. Antijeli, hata mahali pasipo na barafu, inazuia kutu.

Weka bidoni moja ya maji safi karibu na mashini, na uangalie kiwango kila asubuhi motere ikiwa baridi. Ukilazimika kuongeza kila siku kwenye motere ya radiateri, kuna mahali yanapotoka. Patafute kabla ya kusaga.