Bukavu: Masomo ni bure mpaka darasa la sita, kisha soko la Kadutu linamungoja mutoto

Saa moja na nusu ya asubuhi, katika mutaa wa Kadutu, njia za miguu zenye kushuka kutoka Cimpunda na Nyamugo zinajaa watoto wenye kuvaa bulu na nyeupe. Katikati yao wanapita watoto wengine: mumoja na bido ya maji, mwengine na ndoo ya mayai ya kupika, mwengine na masashe ya kuuzisha sokoni. Mugeni angefikiri hao ni watoto wa familia mbili tofauti, moja yenye uwezo na ingine masikini. Mara nyingi wanatoka katika nyumba moja. Mudogo yuko darasa la tatu. Mukubwa wake, mwenye kubeba bido, alimaliza darasa la sita na hakuendelea.

Sisi wenye kukaa Bukavu tunaona jambo hilo kila siku bila kulisema. Mulango wenye kuwafungia watoto wa masikini umehama. Zamani ulikuwa kwenye darasa la kwanza. Leo, kwa wengi, uko kwenye darasa la saba.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 43, inasema kama masomo ya musingi ni ya lazima na ni ya bure katika masomo ya serikali. Kwa miaka 13 maneno hayo yalibaki kwenye karatasi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakati serikali ilishindwa kulipa walimu na migomo ikafunga masomo, wazazi walikubali kuchanga pesa ili mwalimu abaki darasani. Ilipaswa kuwa musaada wa muda mufupi. Ikakuwa desturi ya karibu miaka 30, na kila mutu mwenye kusoma wakati ule anakumbuka asubuhi ya kufukuzwa: direkta anaingia na liste, anasoma majina, na wenye deni wanakusanya kaye zao na kurudi nyumbani.

Mwezi wa tisa 2019, chini ya raisi Félix Tshisekedi, pesa hiyo ikakatazwa katika masomo ya musingi ya serikali, pamoja na yale ya Wakatolika, Waprotestanti, Wakimbanguiste na Waislamu, ambayo tangu mapatano ya 1977 yanaongozwa na watu wa dini lakini yanahesabiwa kuwa ya serikali. Watoto waliingia kwa wingi. Madarasa yakajaa, watoto wanne ao watano kwenye meza moja. Walimu wengi, wale wenye kuitwa NU (nouvelles unités) ao NP (non payés), wakajikuta bila pesa ya wazazi na bila mushahara wa serikali. Ndiyo sababu mwanzo wa mwaka wa masomo Bukavu umekuwa zaidi ya mara moja wakati wa mugomo.

Na zaidi ya hayo, bure ya serikali inaishia kwenye mulango wa darasa. Haifiki nyumbani. Uniform, viatu, kaye na biki bado ni juu ya muzazi. Kadutu yenyewe ni kilima chenye kubeba watu kupita uwezo wake: nyumba za mbao zenye kugusana, njia zenye pikipiki haiwezi kupita, udongo wa Funu wenye kutembea kila mvua kubwa. Kiangazi kinaleta moto. Moto unapopita, familia inaokoa watoto, magodoro, pengine sufuria; uniform na kaye zinabaki ndani. Serikali haina mahali ambapo inaandika kama mutoto huyo aliacha masomo sababu ya moto. Kwenye liste ya direkta yeye ni mutu asiyekuja, basi.

Wataalamu wa UNICEF wanapopima umasikini wa watoto, hawaangalii pesa peke yake. Wanaangalia maji, chakula, afya, nyumba, masomo, kisha wanahesabu mambo mangapi yanakosekana kwa mutoto mumoja kwa wakati mumoja. Katika Kadutu hesabu hiyo inaeleweka hata bila mutaalamu. Bomba la maji likikauka, mutoto anaamka usiku kutafuta maji. Akienda kusoma bila kunywa chai, anasinzia. Akisinzia mwaka mzima, anarudia darasa, na akirudia mara mbili, anafika darasa la sita akiwa na miaka 14, umri ambao watu wa nyumba wanaanza kumuangalia kama mutu wa kazi. Katika masomo yenye zamu mbili, yule wa zamu ya mangaribi anaweza kuuzisha asubuhi na kusoma kisha. Wengi wanaanza hivyo. Siku mauzo inakuwa mazuri, anachelewa. Siku inakuwa mabaya, anaogopa kurudi na bidhaa nyumbani.

Halafu kuna darasa la saba. Kufwatana na sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya elimu, masomo ya musingi kwa maana yake kubwa (éducation de base) yana miaka 8: sita ya kwanza, pamoja na darasa la saba na la nane. Lakini katika maisha ya kila siku, bure ilisimama kwenye ya sita. Kuanzia ya saba, muzazi anarudi kwenye minervali, prime ya walimu na zingine pesa zenye kuwekwa kila mwaka kwa amri ya gavana wa jimbo.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kuuzisha sambaza. Ana mutoto katika darasa la pili, mwengine katika la ine, hao hawalipi. Wa kwanza wake amepita mutihani wa serikali wa mwisho wa darasa la sita. Faida ya mama huyo ni ya siku kwa siku: ya leo ni bugali na sombe ya leo. Masomo yanamuomba pesa ya pamoja, kwa tarehe. Tena kuna gharama ingine yenye hakuna mutu anaiandika. Mutoto wa miaka 13 akibaki sokoni, jioni analeta unga na sabuni. Akienda darasa la saba, mama analipa, na wakati uleule anapoteza ile unga na sabuni. Kwa hiyo kumwambia mama huyo « apende masomo » ni kumutukana. Anayapenda, hesabu ndiyo inakataa. Na kama mutoto wa kwanza ni musichana, mara nyingi hesabu inafanyika mbio zaidi, sababu ya wadogo wa kuchunga.

Vita vya mwanzo wa 2025 vilifanya hesabu hiyo kuwa ngumu zaidi. Muji uliingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili, masomo yakasimama kwa muda, benki zikafunga. Mwalimu mwenye mushahara wake kupitia benki, na mama mwenye kukopa kwa watu wenye pesa benki, waliguswa siku moja.

Kwa watoto wenye kukosa masomo kabisa, hata wale ambao watu huita maibobo, kuna centres de rattrapage, zenye kufundisha madarasa sita kwa miaka mitatu. Kazi yao ni nzuri. Lakini mutoto mwenye kumaliza darasa la sita hana nafasi kule, kwa sababu kile wanachofundisha anakijua tayari. Kwa serikali yeye ni mutu aliyefaulu. Kwa masomo ya sekondari yeye ni mutu asiyelipa.

Maprefe wamoja wanapokea pesa kidogo kidogo, kila posho, na wanaacha mutoto aingie darasani wakati muzazi anaendelea kutafuta. Hawapendi ijulikane, wakiogopa wazazi wote waombe vilevile. Lakini mama wa sambaza pesa yake inakuja hivyo, kidogo kidogo, na wale wenye kulijua jambo hilo wana wanafunzi wa Kadutu ndani ya darasa la saba.