Msumeno wa Stima Bomani: Mama, Uwe Macho

Leo tuongee kuhusu kupunguza matawi ya miti bomani.

Hapa Malinya mvua yetu huja na upepo na radi, na wengi wetu tuna mparachichi au mkaratusi ulioinamia paa la mabati. Zamani tulitumia panga na shoka, au tukamwita fundi wa msumeno wa petroli. Sasa stima imefika nyumba nyingi, na kuna msumeno mdogo wa mnyororo unaochomekwa kwenye soketi kama pasi. Kwa kuwa ni mwepesi na kelele yake si nyingi, watu wanaudharau. Lakini mnyororo ule hukata paja la mtu upesi kama unavyokata tawi.

Hata kama anayekata ni baba watoto au kijana wa kibarua, kazi hii inakuhusu. Tawi likianguka, nani hukimbilia kuokota? Ni wewe na watoto, maana ni kuni! Basi weka sheria: hakuna kuokota hata kijiti mpaka msumeno uzimwe na kuchomolewa. Watoto wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti, na awepo mtu mzima wa kuwashika. Yule mdogo anayetambaa apelekwe kwa jirani.

Kabla ya kuanza, angalieni juu. Tawi likigusa nyaya za stima au likiwa karibu nazo, msikate. Mti mbichi una maji, nao hupitisha stima mpaka kwa anayeushika. Pigia Kenya Power nambari 97771, waje wenyewe.

Waya wa msumeno usiwe na viungo vya kufungwa kwa seloteipu, na upite nyuma ya mkataji. Asubuhi nyasi zetu huwa na umande, kwa hivyo subirini zikauke. Mvua ikianza, kazi isimame.

Mkataji asimame chini, ashike msumeno kwa mikono miwili, wala asiuinue kupita mabega. Asipande nao ngazi wala mti. Ncha ya msumeno ikigonga tawi, msumeno wote hurushwa nyuma kuelekea usoni kabla hajapepesa macho. Tawi la juu sana aachiwe fundi mwenye kamba na ujuzi. Tawi zito lianze kukatwa kidogo upande wa chini, kama robo ya unene, kisha juu, lisije likapasuka na kuchuna gamba la shina. Avae miwani ya kukinga macho, suruali na viatu vigumu. Kama ni wewe unayekata, leso na gauni viweke kando, maana mnyororo huvivuta. Mnyororo ukikwama, chomoa kwanza ndipo uuguse.

Mtu akikatwa, chukua kitambaa safi, kandamiza kidonda kwa nguvu bila kuachilia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake, usitoe cha kwanza. Usiweke masizi, mchanga wala mafuta taa. Mpeleke hospitali upesi, kwa mfano Iguhu, na uulizie sindano ya pepopunda. Sisi akina mama hudungwa tukiwa wajawazito, lakini wanaume wengi hawakumbuki walidungwa lini.

Aliyenaswa na stima asiguswe mpaka uzime meni suichi. Kama hapumui, kandamiza katikati ya kifua chake kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzako akitafuta gari. Na hata akiinuka akasema yuko sawa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Stima huvuruga mapigo ya moyo, tena huunguza nyama ya ndani huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu.